Uzio Usiomzuia Kupe

Artur Hazelius alipoifungua Skansen mwaka 1891, juu ya kilima cha Djurgården mjini Stockholm, muradi wake ulikuwa kuzihifadhi nyumba za kale za Wasweden pamoja na desturi za watu wa mashamba, na kuwaweka kando ya nyumba hizo wanyama wa nchi ile, wa porini na wa kufugwa, miongoni mwao reinidia, yule mnyama wa jamaa ya kulungu ambaye Wasami wa kaskazini huishi naye kama Mabedui waishivyo na ngamia. Mnyama alizungushiwa uzio asitoke, na mtu asiingie; na kwa kadiri ya elimu ya siku zile hapakuwa na hadhari iliyosazwa, kwani hapakuwa bado na mwanachuoni aliyethibitisha kwamba kupe aweza kuyatoa maradhi kwa mnyama mmoja na kumtia mwingine. Uthibitisho huo ulitoka Marekani mwaka 1893, pale Theobald Smith na Fred Kilborne walipobainisha namna kupe anavyowaambukiza ng'ombe homa ya Texas, ambayo wafugaji wetu huitambua kwa dalili yake ya kukojoa damu.

Kupe wa Sweden, ambaye Linnaeus wa Uppsala alimtia katika daftari la viumbe mwaka 1758 na leo huitwa Ixodes ricinus, hunyonya damu mara tatu tu katika umri wake: kwanza akiwa kitoto cha miguu sita, kisha akiwa amekwisha kupata miguu minane lakini hajapevuka, na mara ya mwisho jike linapotaka kutaga mayai. Baina ya shibe moja na nyingine hushuka ardhini, akajificha katika unyevu wa majani yaliyooza. Na njaa ikimrudia hupanda juu ya unyasi, akajishikiza kwa miguu ya nyuma na kuinyosha hewani ile ya mbele, ambayo ina kiungo cha kuhisi pumzi na joto la kiumbe apitaye. Uzio wa chuma haumhusu. Huingia juu ya panya, juu ya kalunguyeye, na katika manyoya ya ndege wanaotua kudonoa chakula cha wanyama waliofungwa.

Hapa ndipo mashaka ya reinidia yanapoanzia. Asili yake ni kaskazini ya mbali, ambako baridi ndefu aghalabu humnyima kupe huyu maisha, na vizazi kwa vizazi vya reinidia vimekua bila ya kuzoeana naye. Ilhali Stockholm, pamoja na visiwa vyake vingi vilivyotanda baharini, ni katika maskani makubwa ya kupe huyo. Wafugaji wa kusini mwa Sweden waliyajua tangu zamani maradhi ya ng'ombe wa malishoni yanayoufanya mkojo uwe mwekundu, nayo huletwa na kijidudu kiitwacho Babesia divergens, kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mwaka 1965 madaktari wa mifugo wa Sweden walitoa taarifa ya majaribio ya kuwaambukiza reinidia kijidudu hicho, ikadhihirika kwamba naye hushikwa; na baadaye yakaandikwa mambo ya jinsi hiyo juu ya reinidia wa bustani za wanyama za Ulaya, waliougua kwa vijidudu vya ukoo huo huo. Mtunzaji humwona mnyama amejitenga, hataki kula, ufizi umempauka, na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Na siku dalili hizo zinapokamilika, sehemu kubwa ya damu imekwisha kuharibika. Aliyewaona ng'ombe wa Kizungu, walioletwa katika malisho yetu kwa gharama kubwa, wakimalizwa na ndigana huku ng'ombe wa kienyeji wamesimama kando yao wazima, hatahitaji maelezo marefu.

Katika mji huo huo wa Stockholm, mwaka 1909, tabibu wa ngozi Arvid Afzelius aliwaonyesha wenzake mgonjwa mwenye duara jekundu lililokuwa likitanuka mwilini pahali alipoumwa na kupe. Aliliona sawasawa, lakini sababu yake haikujulikana mpaka mwanachuoni wa kupe Willy Burgdorfer alipoigundua Marekani, na taarifa yake ikatoka mwaka 1982. Nasi tuna fungu letu katika habari hii: Burgdorfer alipokuwa mwanafunzi mjini Basel alisomea papasi wa Afrika na homa yake, elimu ambayo Robert Koch aliifanyia kazi Tanganyika, na ambayo Joseph Dutton aliifia Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1905.

Lakini tukio lililowazindua watunzaji wa wanyama ulimwenguni kote lilikuwa la New York mwaka 1999. Kunguru walikuwa wakianguka mitaani, watu wakishikwa na homa ya ubongo, na serikali ikatangaza ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani. Tracey McNamara, daktari wa bustani ya wanyama ya Bronx, alipowapasua ndege wake waliokufa, wakiwamo heroe, hakuikubali hukumu hiyo, maana ugonjwa uliotajwa haukuwa na kawaida ya kuwaua ndege. Akashikilia neno lake mpaka kikapatikana kirusi cha West Nile, ambacho mbu hukichukua, na ambacho kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa Uganda. Kwa rai yangu, lililo zito katika kisa hiki ni kwamba matabibu wa watu na wa wanyama walikuwa wakiutazama msiba mmoja bila ya kusemezana, na muda ukapotea.

Sweden nayo haikusalimika. Mwaka 2008 usubi waliingiza huko kwa mara ya kwanza ugonjwa wa ulimi wa buluu, unaoshika ng'ombe, kondoo na wanyama wengine wacheuao, na chanjo ikatumika hata nchi ikatangazwa salama mwaka 2010. Katika joto kali la mwaka 2018 walionekana juu ya farasi kupe wakubwa wa jamii ya Hyalomma, wenye miguu ya mistari, ambao hufika wakiwa wachanga juu ya ndege wahamao kutoka Afrika na nchi za Bahari ya Kati. Taasisi ya taifa ya tiba ya mifugo iliyoko Uppsala huwaomba wananchi wailetee kupe wa namna hiyo kila wamwonapo. Mwaka 2024 ugonjwa wa ulimi wa buluu ulirudi Sweden, ukiwa wa aina nyingine ambayo chanjo ya zamani haiikingi.