Num Lock

Num Lock ni kitufe cha kibodi ya kompyuta kinachoamua kazi ya vitufe vya namba vilivyopangwa upande wa kulia wa kibodi. Kikiwa kimewashwa, vitufe hivyo huandika tarakimu 0 hadi 9. Kikiwa kimezimwa, hutumika kusogeza kielekezi: 8, 2, 4 na 6 huwa mishale, 7 huwa Home, 1 huwa End, 9 na 3 hupandisha na kushusha ukurasa, 0 huwa Insert na nukta huwa Delete.

Pamoja na Caps Lock na Scroll Lock, Num Lock ni kimojawapo cha vitufe vitatu vya kufunga. Kikibonyezwa mara moja, hali yake hudumu mpaka kibonyezwe tena, tofauti na Shift ambacho hufanya kazi pale tu kinaposhikiliwa.

Hali ya Num Lock kompyuta inapowaka si lazima ifanane na ile iliyoachwa mara ya mwisho, kwa sababu huwekwa upya na programu kadhaa zinazofuatana.

Historia

Kibodi ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 83. Haikuwa na mishale ya peke yake. Vitufe vya namba ndivyo vilivyobeba kazi zote mbili, na Num Lock kilichagua kati yake. Kibodi hiyo haikuwa na taa, hivyo mtumiaji alijua hali ya kitufe kwa kujaribu kuandika. Taa za kuonyesha zilikuja na IBM PC AT ya mwaka 1984.

Baadaye kibodi ya vitufe 101 ilitenga mishale na vitufe vya namba. Kwa kuwa namba hazikuhitaji tena kugawana nafasi na mishale, ikawa kawaida kwa kompyuta kuwaka Num Lock ikiwa tayari imewashwa. Wasioupenda utaratibu huo walipata njia ya kuubadilisha katika MS-DOS 6 ya mwaka 1993: waliandika mstari NUMLOCK=OFF katika faili la CONFIG.SYS.

Jinsi inavyofanya kazi

Kibodi yenyewe haikumbuki hali ya Num Lock. Kitufe kikibonyezwa, kibodi hutuma alama yake kwa kompyuta. Mfumo wa uendeshaji ndio unaotunza hali hiyo, kisha huirudishia kibodi amri ya kuwasha au kuzima taa. Katika kompyuta za IBM PC na zilizofuata muundo wake, BIOS hutunza hali za vitufe vya kufunga katika baiti moja ya kumbukumbu: biti 4 ni ya Scroll Lock, biti 5 ya Num Lock na biti 6 ya Caps Lock.

Kwa hiyo taa ni taarifa tu. Ikiwa programu moja imebadilisha hali bila kutuma amri ya taa, taa inaweza kuwaka huku vitufe vikisogeza kielekezi.

Mfuatano wakati wa kuwaka

Kompyuta inapowashwa, hali ya Num Lock hupita mikononi mwa:

1. BIOS au UEFI, ambayo mara nyingi ina chaguo lake katika ukurasa wa mipangilio ya kuwaka;
2. mfumo wa uendeshaji unapoanza;
3. skrini ya kuingilia, mahali pa kuandika neno la siri;
4. mazingira ya mtumiaji baada ya kuingia.

Anayefuata anaweza kufuta uamuzi wa aliyetangulia. Ndiyo sababu mtu anaweza kubadilisha mpangilio wa BIOS na bado asione tofauti akishaingia.

Kuweka hali ya kudumu

Windows. Mpangilio umo katika sajili ya mfumo, kwa jina InitialKeyboardIndicators. Wa mtumiaji uko chini ya HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Keyboard, na wa skrini ya kuingilia uko chini ya HKEY_USERS\.DEFAULT\Control Panel\Keyboard. Thamani 0 huzima vyote, 1 huwasha Caps Lock, 2 Num Lock na 4 Scroll Lock, zinaweza kujumlishwa. Katika matoleo ya karibuni hutumika pia 2147483650 kwa kuwasha Num Lock. Inafaa kuhifadhi nakala ya sajili kabla ya kuibadilisha, kwani kosa dogo humo linaweza kuharibu mfumo. Tangu Windows 8 (2012) kuna pia utaratibu wa kuanza haraka, ambao haufungi mfumo wote kompyuta inapozimwa. Mabadiliko yasipoonekana, kompyuta ianzishwe upya kwa Restart, au utaratibu huo uzimwe.

Linux. Kila hatua ina njia yake. Kwenye konsoli hutumika amri setleds -D +num. Kwenye mazingira ya X hutumika programu ndogo iitwayo numlockx. Skrini ya kuingilia ya SDDM husoma mstari Numlock=on chini ya [General] katika faili lake la mipangilio. Katika GNOME amri ni gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard numlock-state true.

Mac. Vitufe vya namba vya kibodi za Apple huandika tarakimu daima, na mahali pa Num Lock pana kitufe cha Clear.

Matatizo ya neno la siri

Hali isiyotarajiwa huleta hasara zaidi kwenye skrini ya kuingilia, kwa sababu herufi zinazoandikwa hufichwa. Mwenye neno la siri lenye tarakimu akitumia vitufe vya namba huku Num Lock imezimwa, tarakimu hizo haziandikwi. Akirudia mara nyingi, akaunti inaweza kufungwa ingawa neno analolijua ni sahihi.

Katika baadhi ya kompyuta mpakato zisizo na vitufe vya namba vya pekee, tatizo hugeuka: Num Lock ikiwashwa, herufi za upande wa kulia huandika namba. J, K na L huwa 1, 2 na 3. U, I na O huwa 4, 5 na 6. M huwa 0. Kwa kompyuta za namna hiyo ni salama zaidi Num Lock ianze ikiwa imezimwa.

Skrini nyingi za kuingilia huonya Caps Lock ikiwa imewashwa, lakini onyo kama hilo kwa Num Lock ni nadra. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuandika tarakimu kwa safu ya juu ya kibodi, ambayo haiathiriwi na Num Lock, au kujaribu vitufe kwanza katika sehemu ya jina la mtumiaji, ambako maandishi huonekana.