Umbo au Ngozi: Kompyuta Hutambua Nini Pichani?

Chukua picha ya paka, mvue manyoya, kisha mvike ngozi ya tembo yenye makunyanzi bila kugusa mpaka wa mwili wake. Mtu yeyote ataona paka, ingawa paka wa ajabu. Robert Geirhos na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walipoupa mtandao wa neva bandia picha ya namna hiyo mwaka 2018, ulijibu kuwa ni tembo wa Kihindi. Katika majaribio yao, umbo na ngozi vilipogongana, watu walifuata umbo kwa takriban asilimia 96. Mtandao wa ResNet-50, uliokuwa ukisifiwa sana wakati huo, ulilifuata kwa asilimia 22 tu.

Matokeo hayo husimuliwa kama kasoro ya mitandao. Nionavyo mimi, lawama imepelekwa pasipostahili. Mtandao hujifunza kile unachotahiniwa, na mtihani uliotumika haukuwahi kuuliza habari za umbo.

Waanzilishi wa fani hii, kinyume chake, waliuliza umbo na karibu hawakuuliza kingine. Tasnifu ya Lawrence Roberts katika chuo cha MIT, 1963, ilionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kusoma picha ya miche na michemraba, kufuata kingo zake, na kukisia umbo la pande tatu lililozizaa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Irving Biederman alipendekeza kwamba hata jicho la binadamu huvigawa vitu katika maumbo sahili yasiyozidi 36 hivi: mche duara, pia, tofali na mengineyo. Kikombe ni mche duara wenye mkono uliopinda ubavuni. Mkono huo ukiuhamishia juu, umepata ndoo.

Nadharia hiyo ni nzuri, na sidhani kwamba imewahi kushindwa kwa hoja. Ilikwama mapema zaidi, kwenye kuupata ukingo wenyewe. Kwa kompyuta, ukingo ni mahali ambapo namba za mwangaza hubadilika ghafla kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Lakini kivuli cha mwembe kikiangukia ukuta huzibadilisha namba hizo sawasawa na ukuta wenyewe unapokoma. Maua ya kanga nayo huzibadilisha, ilhali bega la mtu aliyevaa nguo nyeusi usiku halibadilishi chochote. Mbinu ya John Canny ya 1986, inayotumika hadi leo, hupunguza chengachenga, huikondesha mistari na kuunganisha iliyokatika. Haijui mstari upi ni mpaka wa kitu na upi ni pambo tu. Ili kuujua mpaka wa ng'ombe, inabidi kwanza ujue kwamba pale pana ng'ombe.

Pale ambapo ukingo hupatikana bila taabu, umbo lilifanya kazi kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2002 Serge Belongie, Jitendra Malik na Jan Puzicha walieleza njia ya kuchukua nukta kadhaa kwenye mpaka wa kitu, kisha kuandika kwa kila nukta jinsi nyingine zilivyotawanyika kuizunguka: umbali katika ngazi 5, pande katika migawanyo 12. Nukta za kitu kimoja hulinganishwa na za kingine mpaka kila moja ipate mwenzake. Katika tarakimu 10,000 za mwandiko wa mkono, njia hiyo ilikosea 63. Lakini tarakimu zile ni wino juu ya karatasi safi. Mpaka wake umekwisha kuchorwa na mwandishi.

Mitandao iliyotamba kuanzia 2012 ilikikwepa kikwazo hicho. Ilifunzwa kwa picha zipatazo milioni 1.2 za makundi 1,000, na wengi walidhani kwamba ndani yake kingo zilijengana kuwa viungo, viungo kuwa viumbe. Wieland Brendel na Matthias Bethge waliitikisa dhana hiyo mwaka 2019. Waliunda mtandao unaotazama vipande vya pikseli 33 kwa 33 na kujumlisha kura zake bila kujali kipande kipi kimekaa wapi, nao ukaliweka jibu sahihi ndani ya makisio yake matano ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 87. Mtihani unaopitika hivyo haupimi umbo.

Ngozi, hata hivyo, si ushahidi wa hovyo. Watafiti wa twiga huko Tarangire hutumia programu inayolinganisha mabaka ili kumtambua kila twiga kwa nafsi yake. Umbo halingewafaa, kwa kuwa twiga wote wanafanana. Ni swali linaloamua ushahidi. Hatari huanza pale mtu anapodhani mashine imemwona mnyama, kumbe imeona nyasi nyuma yake. Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake walionyesha kwamba mifumo iliyofunzwa kwa picha za kamera zilizotegwa porini kusini-magharibi mwa Marekani ilikosea zaidi kamera zilipokuwa mahali pengine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoridhika na asilimia ya majibu sahihi peke yake. Geirhos alipoufunza upya mtandao wake kwa picha zilizopakwa rangi kwa mitindo ya michoro mbalimbali, ili ngozi isiaminike tena, ulifuata umbo kwa asilimia 81. Mwaka 2023 watafiti wa Google walitangaza kufikia 87 kwa mtandao mkubwa zaidi.

Hata namba hizo nazipokea kwa tahadhari. Mwaka 2022 Nicholas Baker na James Elder walichukua picha za wanyama zilizojazwa weusi mtupu, wakazikata katikati, wakaigeuza nusu ya juu itazame upande wa pili, kisha wakaziunganisha tena. Kila kipande cha mpaka kilibaki kama kilivyo. Mpangilio ndio ulioharibika. Watu walitatizika. Mitandao haikutatizika, hata ile iliyofunzwa kulipendelea umbo. Jaribio kama hilo ni rahisi kuandaa, na sioni sababu ya mtu kudai kwamba mfumo wake unatambua umbo kabla hajaupitisha humo.