Hotuba za Safari ya Maisha, Kutoka Kambi za Wapagazi hadi Kumbi za Tabora

Hotuba ya safari ya maisha ni masimulizi mafupi ambayo mtu huyatoa mbele ya hadhira kuhusu njia aliyopita yeye mwenyewe: alikoanzia, alikokwama, nani alimshika mkono na alipofika. Ni tofauti na hotuba ya siasa kwa kuwa haiombi kura, na ni tofauti na mhadhara wa chuo kwa kuwa ushahidi wake mkuu ni maisha ya msemaji. Siku hizi Tanzania huisikia kwenye mahafali, semina za ujasiriamali, ibada, vipindi vya redio na majukwaa ya TEDx. Makala hii inaitazama sanaa hiyo kutokea Ipuli, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, mji uliokuzwa na watu wa njiani.

Katika karne ya 19 wageni waliuita mji huu Kaze, kituo kikuu cha biashara katika nchi ya Unyanyembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine Karagwe na Buganda, jingine likashuka kuelekea kwa Kazembe na Katanga. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, zaidi ya miezi minne tangu watoke pwani. Waliobeba biashara hiyo mabegani ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mbele yao alitangulia kirangozi. Kazi yake haikuishia kwenye kushika bendera. Jioni kambini alisimama akawatangazia wenzake mwendo wa kesho: kama ni pori lisilo na maji, kama ni nchi ya watu wanaodai hongo, yaani ushuru wa njia, kama kuna hatari ya kuvamiwa. Burton ameandika habari za hotuba hizo. Waliomsikiliza wangeipita njia hiyohiyo kesho yake alfajiri, kwa hiyo kirangozi aliyetia chumvi habari za kisima aliwaweka wenzake kwenye hatari ya kufa kwa kiu. Naamini kipimo hicho kingali kizuri kuliko vyote kwa hotuba ya maisha: je, anayesikiliza anaweza kuifuata njia aliyoelezwa, au walau akajua mapema penye hatari?

Masimulizi ya njia yaliingia pia kwenye maandishi. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa ameshatoa mkusanyiko wa safari za Waswahili, zikiwemo za bara na ile ya Selim bin Abakari aliyefika Urusi hadi Siberia. Hizo ni sauti za waliotangulia mbele ya msafara au waliokuwa na nafasi ya kusafiri. Tippu Tip anaeleza pembe za ndovu, vita na faida. Waliotembea wamefungwa minyororo katika biashara hiyohiyo wamo bila kusema neno. Ilibidi kusubiri masimulizi kama ya Rashid bin Hassani, aliyetekwa utotoni huko ambako leo ni Zambia akauzwa Zanzibar, na ambaye maisha yake yalitoka mwaka 1936 katika kitabu cha Waafrika kumi kilichohaririwa na Margery Perham. Swali la nani anapewa nafasi ya kusimulia lingali nasi kila kamati inapoketi kuchagua wasemaji.

Chimbuko jingine ni ushuhuda wa kanisani. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na kiini chake kilikuwa mtu wa kawaida kusimama mbele ya wenzake na kueleza maisha yake waziwazi, dhambi zake zikiwemo. Muundo wake ulikuwa na hatua tatu: nilikuwa hivi, likanitokea jambo, sasa niko hivi. Ukizisikiliza hotuba za hamasa za leo utauona muundo huohuo, isipokuwa nafasi ya wokovu imechukuliwa na biashara au shahada. Muundo huu una nguvu, lakini pia una hila. Huifanya hatua ya katikati ionekane kama pigo moja la radi, wakati watu wengi hubadilika taratibu, kwa kujaribu na kurudi nyuma.

Shule nazo zimechangia kwa mdahalo. Tabora ina historia ndefu hapo: Julius Nyerere alisoma Tabora Boys kuanzia mwaka 1937, akarudi kufundisha St. Mary's baada ya Makerere, na Januari 1958 alisimama katika mji huohuo kuwashawishi wajumbe wa chama cha TANU waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ulioitwa Uamuzi wa Busara. Mdahalo humzoesha mwanafunzi kupanga hoja na kuzilinda. Haumzoeshi kusema "mimi". Kijana aliyezoea kuanza na "Mheshimiwa mwenyekiti, jopo la majaji" hupata shida kubwa anapotakiwa kueleza siku aliyorudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Jukwaa ambalo vijana wengi huliwazia leo ni TED, lililoanzishwa Marekani mwaka 1984 kama mkutano wa teknolojia, burudani na usanifu. Mwaka 2006 lilianza kuweka hotuba zake kwenye intaneti bure, na mwaka 2009 likaanzisha TEDx, ambapo watu wa mahali popote huomba leseni na kuandaa tukio lao. Hotuba haizidi dakika 18. Msemaji halipwi, haruhusiwi kuuza bidhaa jukwaani wala kupigia debe chama au dini, na tukio hubeba jina la mahali. Anayeandaa bila kuwahi kuhudhuria mkutano mkuu huruhusiwa watu 100 tu. Kanuni hii ya mwisho naiona neema kwa kata kama Ipuli, maana ukumbi wa watu 100 unapatikana, na msemaji huona nyuso za anaozungumza nao.

Afrika Mashariki ilipokea mkutano wenyewe wa TED jijini Arusha mwezi Juni 2007. Pale alisimama William Kamkwamba wa Malawi, umri wake miaka 19. Alikuwa ameacha shule baada ya njaa kuikumba nchi yao, akasoma vitabu vya maktaba ya shule ya msingi kijijini, akajenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na miti, kikawasha taa nyumbani kwao. Alizungumza dakika chache tu, akiulizwa maswali na mkuu wa TED, Chris Anderson, kwa Kiingereza cha kuokoteza na hofu usoni. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Mwaka 2009 alirudi jukwaani, safari hii Oxford, na kueleza kwa kirefu. Mimi hotuba ya kwanza naipenda zaidi, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kitu: kitabu fulani, kifaa fulani, taa kadhaa.

Tanzania ina njia zake pia. Jarida la Femina, lililoanza mwaka 1999, liliwapa vijana wa shule nafasi ya kueleza maisha yao na kuyajadili katika klabu. Semina za Fursa za kituo cha redio cha Clouds ziliwapeleka waliotoboa mikoani. Eric Shigongo, mwandishi wa riwaya aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, amekuwa akieleza hadharani umaskini aliokulia. Hizo zote husikika kwa Kiswahili, na hilo lina uzito. Anayepanda jukwaani Tabora na kuchagua Kiingereza ili video yake ionekane mbali huwaacha nje mafundi, mama lishe na wakulima wa tumbaku ambao wangeifaidi hotuba yake kwanza.

Namna hotuba inavyoandaliwa huonekana vizuri kwa mfano. Chukua kijana wa Ipuli anayetaka kueleza alivyoingia kwenye asali, zao ambalo Tabora inasifika nalo. Rasimu ya kwanza karibu kila mara husema: niliamini, nilipambana, sikukata tamaa. Mwelekezi mzuri humuuliza: mzinga wa kwanza ulikuwa wa nini? Wa gome la mtundu, anajibu, maana babu yake alitumia huo. Mti uliochunwa gome ulikauka. Nyuki walihama kwa sababu aliuweka mzinga mbali na maji. Asali ya kwanza aliikamua pamoja na masega machanga, ikachachuka, mnunuzi akaikataa. Mizinga ya masanduku alikopeshwa na shangazi yake. Sasa hotuba imepatikana. Shangazi lazima abaki ndani yake, kwa sababu bila huyo shangazi msikilizaji asiye na wa kumkopesha ataondoka akijilaumu kwa uvivu ambao hana.

Upungufu mkubwa wa aina hii ya hotuba ni kwamba jukwaa huwaita waliofika. Waliofuga nyuki kwa bidii ileile wakashindwa hawaalikwi, na hadhira huanza kudhani bidii peke yake ndiyo iliyoleta tofauti, mvua, mtaji na bahati vikisahauliwa. Vijana hulipa viingilio vya semina na kutoka na hamasa ya siku mbili. Kamati inaweza kulirekebisha hilo kwa kumwalika pia aliyefunga duka aeleze kwa nini lilifungwa, daktari aliyerudia mtihani, au mhitimu anayeendesha bodaboda na bado hajajua mwisho wake.

TEDx haina desturi ya kupokea maswali jukwaani. Waandaaji wa Tabora wangefanya vyema kutenga muda baada ya video kuzimwa, viti vikisogezwa, wasikilizaji wakamuuliza msemaji masanduku ya nyuki yanatengenezwa wapi, mkopo ulilipwa kwa masharti gani, na shangazi alirudishiwa fedha zake baada ya misimu mingapi.