Pakacha, Kikapu na Rambo: Historia ya Vyombo vya Kuchukulia

Methali isemayo "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi" husomwa katika madarasa yetu ya Kiswahili hapa Uganda, lakini ni wanafunzi wachache waliopata kuliona pakacha lenyewe. Hili si ajabu, kwa kuwa pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi, na minazi ni mali ya pwani. Hata hivyo, historia ya chombo hicho yatuhusu sote tunaosumbuliwa na takataka.

Wapo wapendao kusema kwamba wazee wetu hawakuwa watupaji. Sisi hatukubaliani nao. Pakacha lilisukwa upesi shambani, likatiwa maembe au samaki, likafika sokoni, kisha likatupwa au likakokewa moto. Kilichowaokoa wazee si ubahili bali ni jani lenyewe, ambalo huoza. Chombo cha kudumu kilikuwa kikapu. Kazi yake ilianza kwa kuchana miyaa, ikasukwa ukili, nao ukili ukashonwa mzingo baada ya mzingo hadi chombo kikasimama. Kitu kilichogharimu kazi nyingi namna hiyo hakitupwi kwa kuchanika ukingo, hushonwa tena. Nafaka nayo ilikuwa na kanda lake, na matunda tenga lake. Jina la kikapu lilisafiri mpaka bara, na Waganda husema ekikapu.

Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Mfuko wenye mikono miwili, tuujuao sote, ulibuniwa Uswidi na Sten Gustaf Thulin, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Ulipofika kwetu, kila nchi ilimpa mgeni huyo jina: Waganda wakamwita kaveera, na Watanzania wakamwita rambo, jina la shujaa wa sinema za Kimarekani. Mgeni alipendwa kwa kuwa hakuvuja na alitolewa bure. Lakini alitupwa kama pakacha, na hakuoza kama pakacha. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote: desturi ilibaki ile ile, kitu kikabadilika.

Serikali zikaanza kupiga marufuku: Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya iliweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 4 au faini isiyozidi shilingi milioni 4. Nchini Rwanda wasafiri hupekuliwa mizigo mpakani. Kwetu Uganda sheria imekwenda kwa kusuasua, na atakaye ushahidi na autazame mfereji wa Nakivubo, Kampala, mvua inaponyesha.

Ingalitazamiwa kwamba marufuku hizo zingekirudisha kikapu sokoni. Kimerudi kidogo, na mara nyingi huning'inia katika maduka ya watalii, kikiwa na bei ya watalii. Mahali pa rambo pamechukuliwa zaidi na ile mifuko laini ya rangi rangi, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya kitambaa. Hakika yake ni polipropilini, yaani plastiki iliyofanywa nyuzi na kugandamizwa kwa joto.