Umeme Jichoni: Nani Mdhamini?

Kila nyumba yenye umeme mtoto huonywa asiguse soketi. Je, mkisikia kwamba madaktari wameupeleka umeme ndani kabisa ya jicho la mtu, tena kwa faida yake, mtasemaje?

Jambo hili si geni. Mwaka 1755 tabibu wa Ufaransa, Charles Le Roy, alimzungushia kipofu mmoja waya kichwani, kisha akampitishia umeme uliohifadhiwa katika chupa. Yule kipofu aliona kitu kama mwali wa moto ukishuka mbele yake. Hakupona, lakini ilidhihirika kuwa umeme waweza kumwonyesha mwanga hata asiyeona.

Swali likabaki: utamtia mtu umeme kila siku bila kumdhuru? Umeme unaokwenda upande mmoja tu mwilini hutenganisha maji yakawa gesi, hubadili asidi ya majimaji ya mwili, na hula chuma kilichopandikizwa. Mwaka 1955 John Lilly na wenzake huko Marekani walionyesha njia: kila mpigo wa umeme ufuatwe na mpigo wa kinyume ulio sawa nao, ili kilichoingia kitoke. Kanuni hiyo, pamoja na kuweka kiwango kisichovukwa, ndiyo ngao ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Kwa msingi huo kampuni ya Second Sight ya California ilitengeneza Argus II: kamera kwenye miwani, mtambo mdogo wa kuchambua picha unaovaliwa mwilini, na vituo 60 vya umeme juu ya retina. Ulaya ilikiidhinisha kifaa hicho mwaka 2011, Marekani mwaka 2013. Waliowekewa hawakuona nyuso za watoto wao. Waliona vimulimuli vya mwanga, na kwa mazoezi wakaweza kuutambua mlango.

Katika jaribio la watu 30, baada ya miaka 5 watu 24 walikuwa bado na vifaa vinavyofanya kazi. Watu 12 walikuwa wamepata madhara makubwa, karibu yote katika miaka 3 ya mwanzo. Miongoni mwake ni ngozi laini ya jicho kulika juu ya kifaa, na presha ya jicho kushuka kupita kiasi. Hayo ni mambo ya upasuaji na kifaa, zaidi ya umeme wenyewe.

Basi hatari iliyobaki ilitoka wapi? Ilitoka ofisini. Mwaka 2019 kampuni iliacha kutengeneza Argus II, na mwaka 2020 ikapunguza wafanyakazi wake wengi. Watu zaidi ya 350 duniani walikuwa wamepandikizwa. Mtambo wa nje ukiharibika, aliyezoea mwanga ule hurudi gizani, na kilichomo jichoni hakitoki ila kwa kisu.

Hapo ndipo neno usalama linapopwaya. Wakaguzi walipima umeme, wakapima jicho, lakini hakuna aliyemdai mtengenezaji dhamana ya matengenezo ya miaka 20 ijayo. Kabla kisu hakijagusa jicho, mgonjwa ana haki ya kuuliza: kikiharibika, nani atakitengeneza? Ahadi ni deni, na deni lililomo ndani ya jicho la mtu halifutwi kwa kufunga duka.