Kijarida cha sokwe wa Mahale na majina ya wenyeji

Kwenye semina ya historia tunasoma habari za hifadhi za magharibi ya nchi, na leo nataka tuzungumzie kijarida kimoja kidogo ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia. Kinaitwa Pan Africa News. Kilianza mwaka 1994, kikawa kinatoka mara mbili kwa mwaka, kurasa chache tu, na kusoma ni bure. Hata kama bumu halijatoka unakisoma vizuri tu!

Humo ndani ni sokwe mwanzo mwisho. Mtu kaona sokwe anakula mmea fulani ambao haujawahi kuandikwa, anaeleza aliona lini, wapi, na sokwe gani, anaweka na picha yake, basi. Picha pale siyo pambo, ni ushahidi. Mtafiti akisema huyu ni fulani, wenzake wa nchi nyingine wanataka kuiona hiyo sura.

Sasa nani walikuwa nyuma yake? Jina la kwanza ni Toshisada Nishida, Mjapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Alifika Mahale mwaka 1965 akiwa na miaka 24, yaani umri wa wengi wetu hapa kampasi. Mahale ni milima iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na kilele chake kinachoitwa Nkungwe kina mita 2,462. Mwaka 1966 alifanikiwa kuwazoesha sokwe wa kundi la K kwa kuwawekea miwa. Hebu fikiria, kijana katoka Japani anakaa porini anasubiri sokwe waje kula miwa! Mwaka 1968 akachapisha hoja kwamba sokwe hawazururi ovyo, wanaishi katika jamii zenye mipaka na wenyewe wanajuana. Wakati ule hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mwaka 1986 watafiti wa sokwe walikutana Chicago, na kutokana na mkutano ule ikaundwa kamati ya kimataifa ya kuwatunza na kuwahifadhi sokwe. Miaka minane baadaye Nishida na wenzake wakaanzisha kijarida hiki kiwe sauti ya kamati hiyo, mchapishaji akiwa chama chao cha kuhifadhi wanyama wa Mahale. Hapakuwa na kampuni kubwa wala matangazo ya biashara. Ni watu waliokuwa na kazi zao vyuoni, wanahariri ripoti za wenzao na kuzisambaza. Mwaka 2008 Nishida alipewa Tuzo ya Leakey pamoja na Jane Goodall wa Gombe. Alifariki tarehe 7 Juni 2011.

Historia ya kawaida ingeishia hapo: Mjapani mwerevu, sokwe, tuzo, mwisho. Lakini mimi kwetu ni Kasansa, kule Mpimbwe, kusini ya Hifadhi ya Katavi, na mtu wa kwetu akisoma habari kama hizi swali lake la kwanza ni hili: nani alimwonyesha njia?

Jibu ni Watongwe. Hao ndio wenyeji wa milima ile, na wengine ni majirani zetu huku Katavi, upande wa Mwese. Ndio walioijua misitu, mito na mahali sokwe wanapolala. Sokwe wengi wa Mahale walipewa majina ya Kitongwe. Ukikutana na Ntologi kwenye maandishi ya kisayansi, sokwe dume aliyetawala kundi la M kwa miaka mingi, ujue hilo jina halikutoka Kyoto.

Kati ya wenyeji hao yupo mmoja aliyeingia kwenye historia kwa jina lake kamili: Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyekuwa akifanya kazi hifadhini. Mwaka 1987 yeye na mtafiti Michael Huffman walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Chausiku alikuwa mgonjwa, amenyong'onyea, halafu akaanza kumenya vijiti vya mti mchungu, anatafuna, anafyonza maji yake na kutema makapi. Huffman akauliza huo ni mti gani. Seifu akamwambia ni mjonso, na kwao ni dawa, ya tumbo na ya homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu.

Mwaka 1989 ile habari ilichapwa kwenye jarida la kisayansi la Primates, na waandishi walikuwa wawili: Huffman na Seifu. Wadau, someni tena hapo. Mganga wa Kitongwe ni mwandishi, hakuishia kwenye ile mistari ya mwisho ya shukrani. Na elimu ile aliirithi. Babu yake, naye mganga, alimwona nungunungu mgonjwa akichimba mizizi ya mulengelele na kuila, akaijaribu, na baadaye ikawasaidia watu kijijini walipopatwa na ugonjwa wa kuhara.

Ila kuna upande mwingine. Watongwe waliokuwa wakiishi ndani ya milima ile waliondolewa katikati ya miaka ya 1970 wakati wa Operesheni Vijiji, na mwaka 1985 eneo likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,613. Kwa hiyo kijarida kilipoanza mwaka 1994, wenye misitu walikuwa tayari wako nje ya mpaka. Maarifa yao yalibaki ndani, tena kwa Kiingereza.

Na hapo ndipo mkuki unatugeukia sisi wa Kasansa. Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Wapimbwe waliwinda, walivua na kulina asali katika nchi ile. Leo picha za viboko waliobanana kwenye madimbwi ya mto Katuma wakati wa kiangazi zinazunguka dunia nzima, jina la mpiga picha likiwa chini yake. Jina la mzee aliyejua dimbwi gani hukauka mwisho halipo popote. Wazee wenyewe wanatutoka mmoja mmoja, na vijana wao wako mashambani kwenye mpunga au huku vyuoni kama mimi.

Sisemi Wajapani walikosea. Wao walifanya kazi ngumu miaka mingi na wakaandika. Ninachosema ni kwamba Seifu ameingia kwenye historia kwa sababu mtu aliliandika jina lake pale juu, mahali pa waandishi. Hilo halihitaji tuzo wala mfadhili. Linahitaji daftari, picha moja safi, tarehe, mahali, na jina la aliyesema.

Likizo ikifika naenda kwa wazee na daftari langu. Wanampimbwe mlio vyuo vingine, nanyi anzeni na babu zenu. Wasalaam.