Kufuata wengi katika kikundi kidogo

Katika miaka ya 1950, Solomon Asch, mwalimu wa saikolojia huko Marekani, aliketisha mtu mmoja kati ya wenzake waliokuwa wamepatana kwa siri kutoa jibu la uongo juu ya urefu wa mistari. Jibu la kweli lilikuwa wazi. Lakini karibu watu watatu kati ya wanne walifuata wengi angalau mara moja. Mwenzao mmoja tu aliposema kweli, makosa yalipungua sana.

Katika kamati na vikundi vyetu vya maombi, kiongozi akisema wa kwanza, wengine huitikia tu. Basi tunapoamua juu ya sadaka au kuchagua shemasi, kiongozi aseme wa mwisho, nasi tumsikilize anayepinga kwa heshima.